Sarafu za Babu Baada ya Moto: Andika Kwanza, Osha Baadaye

Kiangazi kikishakolea Ayivu, pembeni mwa mji wa Arua nchini Uganda, kati ya Desemba na mvua za kwanza za Machi, nyasi za paa hukauka kiasi cha kushika moto kwa cheche moja tu ya jikoni. Upepo wa mchana humalizia kazi. Nyumba ya nyasi huteketea kabla jirani hajarudi na ndoo ya pili. Nyumba ya mabati hukawia kidogo, ila siku hizi ndani yake mna magodoro ya sponji, waya za umeme, kapeti za plastiki na majerikani, na vitu hivyo vikiwaka hutoa joto kali na moshi mzito mweusi ambao huendelea kula vyombo hata moto wenyewe ukishazimwa.

Watu huhesabiana kwanza. Halafu hutafutwa mifugo, hati za kiwanja, vyeti vya shule na mbegu za msimu ujao. Ni siku ya pili au ya tatu, majivu yamepoa na wazee wamekaa chini ya mwembe pamoja na waliokuja kutoa pole, ndipo mtu hukumbuka kopo. Lilikuwa chini ya kitanda cha bibi, au juu ya kabati, au ndani ya sanduku la bati pamoja na stakabadhi za kodi za marehemu babu. Kopo la sarafu kuukuu.

Aliye nje ya familia ataliona ni jambo dogo, maana fedha zenyewe hazinunui hata kiberiti. Mimi naliona ni jambo kubwa, na makala hii ni kwa ajili ya anayeinama kwenye majivu kulitafuta kopo hilo. Nataka kumwambia mambo ya madini, ya maji na ya kukausha. Lakini kabla ya yote nataka kumwambia hili: sarafu yenyewe ina nguvu ya kupita kwenye moto. Kisichopita ni kumbukumbu ya nani aliileta nyumbani, kutoka wapi, na kwa nini haikutumika. Hiyo ndiyo inayopaswa kuokolewa kwanza, na huokolewa kwa kalamu.

Ili kujua kwa nini kopo la Arua au Koboko lina mambo mengi kuliko ya sehemu nyingine za Uganda, tazama nchi hii imekaa wapi. Kutoka mjini Arua, mpaka wa Kongo uko kilomita chache upande wa magharibi. Ukipita Koboko kuelekea kaskazini unaingia Sudan Kusini. Na eneo lote hili la West Nile halikuwa la Uganda tangu mwanzo. Lilikuwa sehemu ya lile pande la Lado alilopewa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, pande hilo likarudi kwa serikali ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu hii ya kusini ikakabidhiwa Uganda, ndipo Arua ikawa makao makuu ya wilaya mpya. Mkulima wa Ayivu aliweza kuhesabiwa chini ya serikali tatu ndani ya miaka 5 bila kuhamisha jembe lake kutoka shambani.

Kila serikali ilikuwa na sarafu zake. Dola Huru ya Kongo ya Leopold ilianza kutoa santimu za shaba mwaka 1887, zenye tundu katikati na nyota. Uganda ilipofika ilikuja na kodi, na kodi ilidai pesa taslimu, na pesa taslimu hazikuwapo Ayivu. Vijana wakashuka kusini kwenda kutafuta kazi: kwenye pamba ya Buganda, kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, au jeshini katika King's African Rifles. Waliporudi walirudi na shilingi. Ile shilingi ya Afrika Mashariki iliyoingia mwaka 1921 baada ya rupia kuondolewa, yenye simba amesimama mbele ya milima upande mmoja na sura ya mfalme upande wa pili. Walirudi pia na senti zenye tundu, ambazo zilitungwa kwenye uzi ili zisipotee njiani.

Kisha zikaja za majirani. Faranga 2 ya Kongo ya Kibelgiji ya mwaka 1943, yenye pembe 6 na tembo, ambayo ilipigwa Marekani kwa sababu Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekaliwa na Wajerumani. Millim za Sudan zilizoanza 1956 baada ya uhuru, zenye mtu juu ya ngamia. Likuta na sengi za alumini za Kongo za mwaka 1967, nyepesi hata mtu husahau kuwa anazo mfukoni. Na za kwetu wenyewe, za korongo mwenye shungi, baada ya Benki ya Uganda kufunguliwa mwaka 1966. Mwenye bahati atakuwa pia na shilingi 5 ya mwaka 1972, yenye pembe 7, ambayo iliondolewa mapema na sehemu kubwa ikayeyushwa.

Sarafu hizi zilikufa kiserikali, moja baada ya nyingine. Rupia iliondolewa. Shilingi ya simba ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ukazimaliza za korongo, na mwaka 1987 serikali ikakata sufuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kila mara hiyo ilipotokea, kuna mzee aliyebaki na chache mkononi, asiwe na duka la kuzipeleka, wala asiwe na moyo wa kuzitupa. Akazitia koponi. Ndiyo maana sarafu ya kopo mara nyingi ni ile ambayo haikuwahi kutumika, iliyobaki kwenye mshahara wa mwisho wa miwa, au aliyopewa binti siku ya kuolewa.

Nchi hii imeshaona moto ambao haukutoka jikoni. Rais Idi Amin alipong'olewa mwaka 1979, vita vilifika mpaka hapa kwao. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi la serikali mpya lilipojibu, lililipiza kwa raia. Nyumba za Arua na Koboko zilichomwa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, hapa hapa Ayivu, watu waliokimbilia misheni ya Wakomboni ya Ombaci waliuawa ndani ya uwanja wa kanisa. Wazee waliopitia miaka ile hawahitaji makala kuwaeleza maana ya kurudi kwenye uwanja wa majivu. Ninalolitaja hapa ni dogo tu mbele ya hayo: aliyewahi kufukia chungu ardhini kabla ya kukimbia alifanya jambo sahihi kabisa kwa sarafu zake. Udongo haupitishi joto upesi. Kwenye kina cha shubiri moja au mbili chini ya sakafu, sarafu hukaa salama wakati paa zima linaungua juu yake.

Kopo la chini ya kitanda halina bahati hiyo. Moto wa nyumba unaweza kufikia nyuzijoto 600, na chumba kikishawaka chote ukakaribia 1,000. Alumini huyeyuka kwenye 660. Kwa hiyo likuta na sengi za 1967 ndizo huondoka kwanza, na ukikuta kwenye majivu tone la madini meupe mepesi lisilo na umbo, huenda ndilo hilo. Usilitupe. Shaba safi huhitaji 1,085 ili iyeyuke, na mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao ndio wa shilingi na senti 50 za korongo za 1966, huhitaji zaidi ya hapo. Hizo zitatoka nyeusi, lakini zitatoka.

Ya kushangaza ni shilingi ya simba ya enzi za Mfalme George wa Tano. Watu huiita ya fedha, na kweli ina madini ya fedha, ila ni robo tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni shaba. Fedha huyeyuka kwenye 962, shaba kwenye 1,085, na mtu angetegemea mchanganyiko wake uwe katikati. Haiko hivyo. Madini haya mawili yakichanganywa hivyo huanza kulegea kabla ya kufika 800. Ndiyo sababu shilingi hizi hutoka motoni zikiwa na vipele vidogo usoni, au zimeshikana mbilimbili, wakati senti ya shaba iliyokuwa pembeni yake haina hata alama.

Jambo jingine ambalo jicho halioni: sarafu iliyopita motoni imelainika. Ilipopigwa kiwandani ule mgandamizo uliifanya ngumu, na joto limeuondoa ugumu huo. Simba wake anaonekana yuleyule, lakini ukucha wa chuma au ncha ya kisu itamchora kwa urahisi ambao hukuuzoea. Kwa hiyo anayebandua sarafu zilizoshikana kwa kisu anaharibu zote mbili. Ziacheni zimeshikana. Zilikaa pamoja miaka 60, na hakuna ubaya zikiendelea.

Sasa twende kwenye majivu yenyewe, na hapa ni lazima haraka kidogo, kwa sababu ya mvua. Kila mama wa West Nile anajua maji ya majivu, yale yale ya kulainishia mboga. Majivu ya kuni na ya nyasi yakipata maji hutoa magadi, na magadi hula alumini na kuchafua shaba. Ongeza masizi ya plastiki na waya, ambayo yakilowa hutoa tindikali yenye chumvi. Sarafu iliyolala kwenye uji wa namna hiyo kwa juma moja huharibika kuliko ilivyoharibika kwenye moto. Basi funika sehemu ile kwa turubai kabla mawingu hayajakusanyika. Wala usimwagie maji sarafu ambazo bado ni za moto. Acha zipoe zenyewe.

Vaa kitambaa puani na glavu mkononi, maana majivu ya nyumba ya siku hizi si majivu ya kuni tu. Tumia chekecheke la mchanga la fundi ujenzi, lile la wavu wa waya, na uchekeche polepole. Watoto watataka kusaidia. Wape kazi ya kushika simu na kupiga picha: kila sarafu ilipotoka, kabla haijaguswa, na kopo lenyewe lilivyokaa. Mambo mawili zaidi. Kwanza, wanunuzi wa vyuma chakavu hufika mapema sana kwenye nyumba iliyoungua, nao hubeba kila kinachong'aa pamoja na mabati. Mzee mmoja wa nyumba awaambie wasubiri. Pili, msigawane chochote siku ile. Mjomba atataka ya kwake, shangazi ya kwake, na kila mmoja ana haki; lakini sarafu zikitawanyika kabla hazijaandikwa hazirudi tena kuwa hadithi moja.

Na kuandika ni siku hiyohiyo. Chukua daftari la shule la kurasa 48. Kaa na mtu mzima kuliko wote aliyebaki, mwoneshe moja moja, hata kama ni nyeusi na haisomeki, na uandike anachosema kwa lugha anayosema, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. "Hii yenye tundu mama yangu aliivaa shingoni." "Hizi mbili zilitoka Kakira, baba yenu alikataa kuzibadilisha." Bibi akisema hajui, andika kwamba alisema hajui. Msimsahihishe mbele ya watu. Mara nyingi kumbukumbu hurudi usiku, naye asubuhi huita mjukuu amwongezee mstari.

Kwa nini nashikilia hili? Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akazitia kwenye kopo na akakaa nazo mpaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Sarafu 4 zilikuwa za kampuni ya Waholanzi ya biashara. Zilizobaki 5 zilikuwa za Kilwa, za masultani wa pwani yetu wa karne nyingi zilizopita, zimefika bara jingine bila mtu kujua kwa njia gani. Sarafu za Kilwa ziko kwenye makumbusho mengi, na peke yake kila moja ni kipande kidogo cha shaba. Zile 5 zimewafanya wataalamu wapande mashua kurudi kisiwani baada ya miaka mingi kwa sababu Isenberg alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani, mahali hasa alipoziokota. Ramani ile ya mkono ina thamani sawa na sarafu zenyewe.

Daftari likishajaa, ndipo tuoshe. Au tusioshe. Kwanza zitenge kwa sumaku, na sumaku nzuri iko nyuma ya spika ya redio mbovu. Zinazoshikwa ni zile ambazo ndani yake ni chuma: shilingi za 1976 zilizopakwa shaba na nikeli juu, na shilingi 1 na 2 za mwaka 1987 zilizopakwa shaba. Hizi maji ni adui yao. Pale ambapo moto umebandua ngozi ya juu, kutu itaanza usiku uleule. Zipanguse kwa brashi kavu laini, zikaushe kabisa, basi. Zisizoshikwa na sumaku ndizo za kuosha.

Masizi ni mafuta na ni punje ngumu kwa pamoja. Ukiyasugua kwa kitambaa unayasukuma ndani ya maandishi, na zile punje zinachora uso. Kwa hiyo anza kwa kupuliza, kisha brashi ya kupakia rangi ya maji, yenye nywele laini, ikipita bila kukandamiza. Kisha maji. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Nunua yale maji safi ya kuongeza kwenye betri za magari yanayouzwa vituo vya mafuta, na usome chupa mara mbili, maana tindikali ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na hiyo itakuunguza wewe na sarafu. Usipopata, maji ya mvua yanafaa, mradi yamekingwa uwanjani kwenye beseni safi, si kutoka kwenye bati, na mvua iwe imeshanyesha nusu saa ya kuosha vumbi la hewani.

Tumia bakuli la plastiki, na chini utandike kitambaa cha pamba ili sarafu isigongane na nyingine. Weka chache tu kwa wakati mmoja, za madini ya aina moja. Maji ya kwanza hugeuka meusi papo hapo. Yamwage, weka mengine na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na dawa ya kung'arisha. Acha saa moja. Mwaga, suuza, weka mengine. Maji ya tatu na ya nne hubaki na ukungu wa kijivu. Endelea kubadilisha mpaka yakae usiku kucha bila kubadilika rangi. Ni kazi ya siku kadhaa, na haina fahari yoyote, lakini ndiyo inayoondoa ile chumvi ya moshi ambayo isipoondolewa itarudi baada ya miezi kama unga wa kijani mpauko.

Ikiwa plastiki imeyeyukia juu ya sarafu, kuna aina mbili. Ile laini ya mifuko na majerikani haiyeyuki kwa dawa yoyote ya nyumbani. Iweke sarafu kwenye friza ya dukani usiku mmoja, plastiki ikakamae, na mara nyingi itabanduka kwa kidole. Rangi za kucha, gundi na plastiki nyingine ngumu hulegezwa na asetoni safi ya duka la dawa. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mvuke wake hushika moto ukiwa mbali. Familia iliyotoka kuunguliwa haihitaji moto wa pili.

Baada ya kuosha, kausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba, bila kusugua, kisha tandaza kivulini kwenye upepo siku nzima.

Hapo utaona kwamba sarafu bado ni nyeusi. Vema. Ule weusi wa shaba si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyoungana na hewa kwenye joto, na imekuwa ngozi yake mpya. Ukiitoa unatoa pua ya mfalme, manyoya ya simba na mwaka wa sarafu pamoja nayo. Najua vishawishi vilivyopo. Jirani atakuja na limau, mwingine na ukwaju, mwingine na soda, mwingine na majivu yenyewe na steel wool ya sufuria. Fundi wa vito mjini atasema ana dawa ya dakika moja. Zote zinafanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: zinatoa tabaka la juu la madini, sarafu inang'aa siku tatu kwa rangi ya waridi ya shaba mbichi, kisha inashika madoa upya na haina tena maandishi. Mkusanyaji wa kweli hatainunua. Na kama hukukusudia kuiuza, ndiyo zaidi: umemwondoa babu ukabakiza shaba.

Mbele yangu ninapoandika ipo senti 10 ya mwaka 1936, ya zile zenye tundu. Kuzunguka tundu upande mmoja kuna pembe za ndovu zilizopinda, na upande wa pili, chini ya taji, jina la Edward wa Nane. Mfalme huyu alijiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla hata hajavikwa taji, na Uingereza wenyewe haukuwahi kutumia sarafu zenye jina lake katika mzunguko wa kawaida. Huku kwetu alifika, kwenye senti za sokoni, kwa sababu sarafu zenye tundu hazikuhitaji sura yake, ila jina tu. Kwenye nyingi za aina hii, ukitazama vizuri utaona herufi ndogo, H au KN, ya kiwanda cha Birmingham kilichoipiga. Herufi hiyo ina ukubwa wa mbegu ya wimbi. Pitisha steel wool mara moja na haipo. Kuna watu wa Arua walio na sarafu hii koponi bila kujua, na ningependa waijue kabla ya kumpa mtoto aisugue.

Unga wa kijani ukitokea baadaye, tenga sarafu ile na wenzake mara moja, irudishe kwenye maji yanayobadilishwa, ikaushe na uitazame. Ule ugonjwa wa shaba huenea panapo unyevu. Makumbusho ya Taifa kule Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ndipo mahali pa kuuliza ukiona kazi imekushinda. Wataalamu wa hifadhi wana dawa ambazo si za kuchezea nyumbani.

Noti ni habari nyingine. Noti iliyogeuka kaa haishikwi kwa kidole hata kidogo. Ipandishe juu ya kipande cha kadibodi, ifunike kwa kioo, iache.

Kuhifadhi Arua maana yake ni kupigana na mvua, ambazo hukolea kati ya Agosti na Oktoba. Usitumie mifuko laini ya plastiki yenye harufu, ile ya kuwekea vitambulisho: hutoa jasho ambalo hugeuza shaba kijani. Usifunge kwa raba, kwa kuwa raba hugeuza fedha nyeusi. Usifunge kwa gazeti. Bahasha ndogo za karatasi nyeupe safi, kila sarafu na yake, namba ya daftari imeandikwa kwa penseli kabla sarafu haijaingia. Kisha zote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Ndani ya chupa tia vile vipakiti vya punje ngumu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Hunyonya unyevu, na vikishachoka vianike kwenye bati la moto la Januari, juani, kisha uvirudishe. Zile zilizoyeyuka na kushikana zipate bahasha yao pia, na namba yao, na jina la aliyekuwa nazo. Zisitupwe kwa sababu si nzuri.

Fungua chupa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mvua na mwisho wake, na mtu mmoja awe na kazi hiyo kwa jina. Shika ukingoni, si usoni. Chupa ikae chini sakafuni, kwenye kona ya ukuta wa udongo, mbali na jiko, kwa sababu joto la moto hupanda na sakafu ndiyo hupoa kwanza. Au ikae ardhini kwenye chungu, kama walivyofanya wale wa 1980. Daftari lisikae nayo. Nakala moja ipelekwe kwa shangazi aliye Koboko, nyingine kwa kijana aliye Kampala, na picha ziwe kwenye simu za watu wasiolala nyumba moja.